Kwa Baiskeli Kwenye Barabara ya Mtaliano

Juzi nilisimama kwa fundi wa baiskeli karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Mjukuu wangu Ubah alikuwa amechomwa na mwiba. Si yeye, gurudumu lake. Fundi aliutoa mpira wa ndani, akaukwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza kidogo ili ikauke kabla ya kubandika kiraka. Harufu ile ikanipanda puani, kali na tamu. Nikamwambia Ubah angoje baiskeli yake, nami nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka la jirani kama mgonjwa. Mwenye duka aliniletea maji. Aliniuliza nina nini. Ningeanzia wapi?

Wenzangu mliokuwa watoto huku wakati wa vita vile vya miaka ya kwanza ya uhuru, kati ya askari wa serikali na vijana wa vichakani, mtanielewa. Sisi hatukuambiwa kitu. Wakubwa walinong'ona, wakinyamaza tulipoingia, nasi tukayajaza mapengo kwa akili zetu wenyewe. Mtu akitoweka tulisema amekwenda malishoni. Mlio ukisikika mbali tuliambiwa ni radi, na tulikaa tukiangalia mbingu isiyo na wingu hata moja, tukingoja mvua.

Baba yangu, niliyemwita Aabo kama wanavyoita watoto wa Kisomali, alikuwa dresa katika hospitali ya serikali. Alikuwa akiosha vidonda, akichoma sindano, akiwafunga bendeji wachungaji na askari bila kubagua. Watu wote walimwita Daktari, ingawa madaktari wenyewe walikuwa wageni wa kutoka bara waliokuja na kuondoka. Alikuwa na baiskeli nyeusi, ndefu, yenye kengele na taa ya mbele, na kila Ijumaa baada ya swala aliipangusa kwa mafuta mpaka ikang'aa kama farasi.

Mama yangu, Hooyo, hakuwa nyumbani siku zile. Bibi yangu mzaa mama aliugua huko kwenye kambi ya ngamia, mashariki ya mji, karibu na ile barabara kuu ya zamani, na Hooyo alikwenda kumuuguza. Aliondoka na lori la mfanyabiashara, akiwa na mdogo wangu Yusuf ambaye alikuwa hajaanza kutambaa. Aliniambia niwe mtiifu kwa shangazi yangu, Eeddo Amina, na kwamba atarudi na samli. Nilimwamini kwa sababu ya samli. Hooyo hakuwahi kuahidi samli akaja mikono mitupu.

Baada ya yeye kwenda mambo yalibadilika upesi. Malori yaliacha kwenda upande ule. Watu walisema kuna vitu vimezikwa chini ya mchanga ambavyo lori likivikanyaga hupaa. Kisha ikatoka amri kwamba watu wote walioko porini waingie kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba na kulindwa na askari. Atakayekutwa nje ya vijiji hivyo siku zitakapokwisha atahesabiwa adui. Gari la serikali lilipita mtaani likitangaza kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Sisi watoto tulilikimbilia kwa nyuma, tukicheka.

Jioni hiyo Aabo hakula. Alikaa uani akageuza baiskeli juu chini, akatia mnyororo mafuta. Eeddo Amina alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nenda peke yako," nilimsikia akisema.

"Mwanamume peke yake kwenye barabara ile ni nani?" Aabo alimjibu. "Ukimwona kwa mbali, utasema ni dresa?"

"Kwa hiyo utamtoa mtoto sadaka?"

"Amina, usiseme neno hilo ndani ya nyumba yangu."

Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimefumba macho kwa nguvu. Niliyoelewa ni kwamba Aabo anakwenda safari na anataka kunichukua, na kwamba Eeddo anaona wivu kwa sababu yeye ataachwa. Neno sadaka nililijua. Sadaka ni nyama inayogawiwa, na watu hufurahi. Nilikosa usingizi kwa raha.

Alfajiri Eeddo alinivalisha gauni langu jekundu la Idi. Nilimwuliza kama leo ni Idi, akaniambia simama vizuri, akanifunga vifungo mpaka cha shingoni. Nilizoea kukaa nyuma kwenye keria, nikimshika Aabo kiunoni. Siku hiyo alifunga blanketi kwenye bomba la mbele, akanipakia hapo, kati ya mikono yake miwili, kifua chake mgongoni mwangu. Nilijiona malkia. Kwenye keria alifunga kibuyu cha maji, mkebe wa nyirinyiri, nyama ya vipande vidogo ambayo Eeddo aliikaanga ikakauka, na shuka moja safi ya Hooyo.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwa nini niliwekwa mbele, na kwa nini gauni lilikuwa jekundu. Eeddo Amina ndiye aliyeniambia, nikiwa tayari mke wa mtu. Aliyejificha kichakani na bunduki, awe wa upande gani, alipaswa kuona kitu cha kwanza kabisa kwamba kuna mtoto. Aliniambia hivyo akichambua mchele, bila kuinua macho. Lakini asubuhi ile mimi nilijua jambo moja tu: Aabo amenichagua.

Kwenye kizuizi cha kutokea mji kulikuwa na askari wachache na koplo mmoja, mtu wa bara, mfupi, ambaye Aabo aliwahi kumtumbua jipu la mguuni. Alipotuona alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Daktari, unakwenda wapi na huyo?"

Kiswahili cha Aabo kilikuwa cha Kisomali. Herufi ya pe ilimshinda maisha yake yote, ikawa be. "Nakwenda chukua bibi yangu na mtoto kidogo. Iko kwa mama yake. Kibali hii haba, mkubwa wa boma ametoa, leo tu."

Koplo alikisoma, akakirudisha. "Barabara hiyo haipitiki. Hujasikia?"

"Lori ndiyo haibiti. Baiskeli ni nyebesi."

"Na wale wengine?"

Aabo alilinyoosha gauni langu magotini. Koplo alinitazama mimi na gauni langu, na nadhani alielewa, kwa sababu aliangalia pembeni. Akatoa mfukoni biskuti ngumu ya jeshi, akanipa. "Unajua Kiswahili wewe?"

"Ndiyo, mwalimu," nilisema, kwa kuwa mtu pekee niliyezungumza naye Kiswahili alikuwa mwalimu wangu wa shule.

Askari wote walicheka. Koplo akamwambia Aabo kwa sauti ya chini, "Rudi kabla jua halijazama. Likizama, mimi mwenyewe siwezi kukusaidia. Giza halina jina la mtu." Kisha akasogeza gogo, tukapita.

Barabara ile tuliiita barabara ya Mtaliano, ingawa Mtaliano hakuitengeneza. Mwingereza ndiye aliyeifungua wakati wa vita vikuu, ili malori ya jeshi yafike mpakani na kuvuka kwenda kumpiga Mtaliano. Aabo wakati ule alikuwa kijana mwenye ndevu mbili tatu, aliyeajiriwa kuwapelekea maji waliokuwa wakikata miti. Aliijua barabara ile kama watu wanavyozijua nyumba walizozaliwa. Na asubuhi nzima alinitembeza ndani yake chumba kwa chumba.

"Unaona kichuguu kile kirefu? Hapo ndipo tulipolala usiku wa kwanza, na simba akamchukua punda wa mpishi."

"Mpishi alilia?"

"Alilia kuliko kama angelichukuliwa mke."

Mbele zaidi alinionyesha rundo la mawe ambapo wazungu walitengeneza tanuri la mkate, na harufu yake, alisema, iliwaleta fisi kutoka kila upande. Alinionyesha mgunga uliochongwa alama za herufi ambazo gome lilikuwa limezimeza nusu. Alinionyesha mifupa ya lori la zamani lililozama mchangani likaachwa. Ndege walikuwa wamejenga viota mahali pa injini, na kutu yake ilikuwa na rangi ileile ya ardhi, kama iliota hapo. Digidigi walivuka mbele yetu wawili wawili. Twiga mmoja alitutazama juu ya miiba kwa muda mrefu, akitafuna. Upepo ulikuwa bado baridi, mchanga mwekundu ulikuwa umelowa umande, na magurudumu yalitoa sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole. Nimesafiri baadaye kwa gari na hata kwa ndege, lakini sijawahi tena kuwa na asubuhi kama ile. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu najua ilikuwa asubuhi ya namna gani.

Kulikuwa na mambo mawili ya ajabu. La kwanza, Aabo hakupita kwenye njia mbili laini zilizokanyagwa na magurudumu ya malori. Alipita katikati, kwenye tuta lenye majani na visiki, tukirushwa mpaka meno yangu yakagongana. Nilipouliza, alisema zile njia ni za malori, na si adabu kutembea kwenye njia ya mtu asipokuwapo. Nilikubali. Nilikuwa mtoto wa adabu.

La pili, alinitaka niimbe. Aabo hakupenda nyimbo. Nyumbani nilipoimba aliniambia nisome Kurani. Lakini siku hiyo kila niliponyamaza alisema, "Imba, Halima. Ule wa shule. Kwa sauti." Nikaimba wimbo wa Kiswahili aliotufundisha mwalimu, wa kuku na vifaranga vyake, mpaka vifaranga vikaisha, nikaanza upya. Palipokuwa na vichaka vizito alisema, "Zaidi." Nilidhani amegundua kwamba nina sauti nzuri.

Mwiba ulituchoma jua likiwa juu kidogo ya migunga. Aabo aliigeuza baiskeli palepale katikati ya barabara, hakwenda kivulini, akatoa kiboksi chake cha viraka. Mikono iliyoshona watu bila kutikisika iliangusha msasa mara mbili. Alipaka solusheni, akaipuliza. "Imba," alisema, huku akipuliza. Harufu ile, jua lile, kimya kile kati ya ubeti na ubeti. Kwa mbali mbele yetu kulikuwa na kitu cheusi kando ya barabara. Tulipokikaribia nikaona ni lori, lakini si la zamani; rangi yake ya kijani ilikuwa bado inang'aa upande mmoja, na upande wa pili haukuwapo. Aabo alinifunika macho kwa mkono mmoja, akaendesha kwa mwingine. Niliona kati ya vidole vyake kiatu kimoja.

"Aabo, mtu amesahau kiatu."

"Atarudi kukichukua," alisema.

Mahali palipokuwa na kambi ya bibi palijulikana kwa mgunga mmoja mpana na dimbwi la maji ya mvua hatua chache kutoka barabarani. Nilipajua kabla Aabo hajasimamisha baiskeli. Nilijua pia kwamba pana kasoro. Nyumba zetu za mikeka na matao ya miti huacha alama zinapohamishwa: mawe ya moto, kinyesi cha ngamia, ua wa miiba uliobaki wazi. Hapa ua ulikuwa umeungua. Mikeka ilikuwa imeungua. Ngamia walilala kuzunguka dimbwi, na mwanzoni nilifurahi kwamba wamepumzika, mpaka upepo ulipogeuka.

Aliyetoka kichakani alikuwa mwanamke mmoja, Dhahabo, jirani wa bibi, ambaye nilimfahamu kwa kuwa alinipa maziwa ya ngamia msimu uliopita. Alikuwa na mbuzi mmoja kwenye kamba. Alikuwa amefunga kilemba cha mumewe kichwani, na mumewe hakuwapo.

"Umechelewa, walaal," alimwambia Aabo, yaani ndugu yangu. Hakusalimu. Kwetu mtu husalimu hata akiwa anakufa, na nilimwona hana adabu.

Aabo alinishusha, akaniketisha chini ya mgunga, akaniambia nishike baiskeli isianguke. Ilikuwa imeegemea shina na isingeweza kuanguka, lakini niliishika kwa mikono miwili. Wakaenda wote wawili kuelekea barabarani, nyuma ya kichaka. Niliwasikia wakizungumza, sauti ya Dhahabo ikienda bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu mifugo. Nilisikia "aliposikia amri", na "alitaka kufika mjini", na "alitoka kichakani". Nikasikia Aabo akiuliza, "Nani?" na Dhahabo akijibu, "Wenye bunduki. Nitajuaje ni wa nani? Risasi haikusema." Kisha sikusikia kitu kwa muda mrefu sana. Nilikula biskuti ya koplo yote. Nzi walikuwa wengi.

Aabo aliporudi, magoti yake yalikuwa na mchanga, na paji la uso, na mikono mpaka kwenye viwiko. Chini ya kucha zake, yeye aliyekuwa akizisugua kucha zake kwa brashi ya hospitali, kulikuwa na udongo. Nilijua amesali. Lakini haukuwa wakati wa swala yoyote, na nilishangaa kwa nini amechimba. Shuka ya Hooyo haikuwa tena kwenye keria.

"Hooyo yuko wapi?" niliuliza. "Na Yusuf? Na bibi?"

Alichuchumaa mbele yangu. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka. Sisi wawili tulizungumza Kisomali siku zote, na neno alilolitumia ni lile linalotumiwa kwa mtu aliyeshika njia kabla yako.

"Wametutangulia," alisema.

Nilifurahi! Naweza kuikumbuka furaha ile, ilivyoanzia tumboni ikapanda. Hooyo alikuwa ameshasikia tangazo, ameshafunga mizigo, yuko njiani kwenda nyumbani, na sisi kwa kuongea ongea na kuangalia mawe ya mkate tumepishana naye. Nilimvuta Aabo mkono.

"Basi twende! Wao wanatembea kwa miguu, sisi tuna baiskeli. Tutawakuta!"

Dhahabo aligeuka akampiga mbuzi wake ambaye hakuwa amefanya kitu. Aabo alimsihi aje nasi, atembee nyuma yetu, mjini atapewa pa kulala. Alikataa. Alisema mumewe na wanawe wako hapa, na yeye hana mtu mjini. Aabo alimpa mkebe wa nyirinyiri. Tulipoangalia nyuma, alikuwa amekaa chini palepale, mkebe mapajani, mbuzi akinusa mfuniko.

Safari ya kurudi Aabo hakunionyesha kitu. Lori la zamani lilipita, tanuri la mkate likapita. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa njia sasa, macho mbele, nikitafuta kwenye kila kona shuka ya Hooyo na mgongo wa bibi ulioinama. Hakuna aliyelazimika kuniambia niimbe. Niliimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo ili Hooyo asikie, asimame, atungoje.

"Kanyaga, Aabo! Wako karibu, naona vumbi!"

Alikanyaga. Mungu anajua alikanyaga. Kidevu chake kiligonga utosi wangu, na matone yalianguka kwenye nywele zangu, nami nikafikiri ni jasho. Kila niliposema naona vumbi, aliongeza mwendo. Sijui kwa nini aliniacha niamini. Pengine alihitaji sauti yangu itufikishe. Mtoto anayelia haendi mbali kwenye barabara ile. Pengine yeye pia, kwa kipande kile cha njia, alikuwa akimfukuzia mkewe aliyeko mbele kidogo tu, nyuma ya kona.

Maji yaliisha. Sauti yangu ilikauka ikawa kama ya chura, nikataka kunyamaza. Ndipo kwa mara ya kwanza alinisihi, baba yangu ambaye hakumsihi mtu. "Halima, mama yangu, kidogo tena. Kidogo tu." Nikaimba bila maneno.

Tulikifikia kizuizi jua likigusa vilele vya mikoma ya mtoni. Tuliposikia amri ya kusimama, Aabo alishuka, akaiacha baiskeli ianguke, akaninyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili, juu kabisa, kama wanavyofanya kwa mtoto siku ya furaha. Gauni langu lilipepea. Niliwapungia askari mkono.

Koplo alikuja mwenyewe. Alimwangalia Aabo, akaiangalia keria tupu, akaangalia barabara nyuma yetu.

"Bibi yako yuko wapi, Daktari? Na mtoto?"

Aabo alifungua mdomo. Kiswahili kilimtoka chote. Hata kile kidogo alichokuwa nacho hakikuwapo. Koplo aliuliza tena. Niliona aibu kwa ajili ya baba yangu, mtu mzima asiyejua kujibu swali rahisi, nami nina Kiswahili cha shule. Kwa hiyo nikatafsiri.

"Mama ametutangulia," nilimwambia, kwa sauti safi, kama ninasimama mbele ya darasa. "Na Yusuf, na bibi. Wote wametutangulia. Hamjawaona wakipita?"

Askari mmoja aliyekuwa akivuta sigara aliitupa. Koplo alivua kofia yake. Nywele zake zilikuwa na mvi, jambo ambalo sikulitegemea. Alisimama hivyo, kofia mkononi.

"Pole, mtoto," alisema. "Pole sana. Hatujawaona."

"Basi watakuja usiku," nilisema. "Msiwapige."

"Hatutawapiga."

Alimwinulia Aabo baiskeli kutoka chini, akaupangusa usukani mchanga kwa mkono wa shati lake, akampa.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa wanawake. Walifukiza ubani, walipika wali katika masufuria makubwa, walisoma, na Eeddo Amina alikaa katikati yao macho yamevimba. Nilijua wanamwandalia Hooyo. Nilipita na sahani nikiwaambia wasiile nyama yote. Ni mtoto wa jirani, wa rika langu, aliyeniambia, tena kwa ugomvi, wakati tukigombania kamba ya kuruka: "Mama yako amekufa na wewe unavaa nyekundu." Nilimpiga. Kisha nikaenda kumwuliza Aabo kama kutangulia ni kufa. Alikuwa akichemsha sindano. Alisema ndiyo, wakati mwingine ni kufa. Nikamwuliza kwa nini basi tulikimbia. Aliendelea kuziangalia sindano zikigongana ndani ya maji mpaka maji yakakauka.

Sikuimba tena. Si kwamba niliamua. Mwalimu alipotusimamisha darasani, nilifungua mdomo, wimbo haukutoka. Ilipotoka amri nyingine ya kuzisalimisha baiskeli, Aabo aliipeleka yake mwenyewe kabla hawajaja, bila kuipangusa. Aliendelea na kazi yake. Vijana wa vichakani walimletea majeraha, na wa kambini wakamletea majeraha, na alikuwa akiwashona wote kwa uzi uleule. Mtu mmoja alimwuliza kama hafikirii kwamba anayemshona huenda ndiye aliyefyatua. Alisema hufikiria kila mara.

Vita viliisha kama vilivyoanza, kwa tangazo. Tulipewa ruhusa ya kutembea. Ilipita misimu ya mvua kabla hatujapata gari la kutupeleka kaburini. Lori la sukari, na dereva kijana wa bara aliyekuwa mgeni kabisa wa nchi yetu. Nilikuwa nimekuwa msichana mrefu. Aabo alibeba jembe, mawe mawili meupe aliyoyachagua mtoni, na jerikeni ya maji ya kumwagia. Alisema tutaweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, na mengine Mungu anajua.

Barabara ilikuwa imebadilika. Matingatinga yalikuwa yamepita, yameipanua kila upande na kuinyoosha, na udongo mwekundu ulimwagwa juu ukashindiliwa mgumu kama sakafu. Lori la zamani halikuwapo. Rundo la mawe ya mkate halikuwapo. Aabo alikaa karibu na dirisha, shingo mbele, akitafuta mgunga mpana, na alipogonga mlango kwa kiganja dereva akasimama, sikuona mgunga wowote. Niliona kisiki, na dimbwi ambalo sasa lilikuwa karibu kuigusa barabara.

Alishuka. Alisimama kwenye kisiki, akageuka kuelekea barabarani, akatembea polepole, akihesabu kwa midomo. Alifika ukingoni mwa barabara na hakusimama. Akaendelea mpaka katikati, pale magurudumu yanapopita, na hapo akasimama. Alirudi kwenye kisiki akaanza upya. Akafika palepale. Jembe lilikuwa bado mkononi mwake. Aliliinua kidogo, akaligonga chini mara moja, na likalia kama limegonga chuma.

Alisali akiwa amesimama, nami nyuma yake, dereva akitutazama kutoka dirishani, injini ikinguruma. Maji aliyamwaga katikati ya barabara. Yalitambaa juu ya udongo bila kuingia, yakaenda pembeni. Mawe aliyaacha kando, kwenye majani. Kisha tukapanda.

Dereva aliingiza gia.

"Bole bole habo, kijana," Aabo alimwambia. "Enda bole bole."

"Kuna shimo, mzee?"

"Hakuna shimo," Aabo alisema. "Iko watu."

Dereva aliinama juu ya usukani, akachungulia barabara nyeupe kwa jua, tupu mpaka mwisho wa macho. "Simwoni mtu," alisema, akaongeza mafuta.